Rangi ya Mafuta Juu ya Rangi ya Maji

Desturi ya watu ni kuitazama rangi kama vazi la nyumba. Nyumba ikipakwa husifiwa, ikichujuka hulaumiwa, na sifa na lawama zote huelekezwa kwa kile kilicho juu, ambacho jicho hukiona. Ni wachache waulizao habari za kilicho chini. Walakini rangi haikai juu ya hewa. Kila rangi hukaa juu ya kitu, na aghalabu kitu hicho ni rangi nyingine iliyotangulia. Basi heshima ya ukuta haitokani na rangi ya mwisho peke yake; hutokana na mapatano yaliyopo baina yake na ile iliyoikuta. Nataka kuyaeleza mapatano hayo kwa mfano wa chumba kimoja, maana swali linaloonekana dogo mbele ya duka la rangi, yaani kama yafaa kupaka rangi ya mafuta juu ya rangi ya maji, laweza kuwa zito sana kwa watu watakaolala kati ya kuta hizo.

Chumba hicho kiko Yaeda Chini, katika Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara. Jina la mahali lasema kweli. Mtu akitoka mjini Mbulu, penye baridi na ukungu, hushuka milima mpaka akafika katika bonde la joto na vumbi, la migunga na mibuyu. Wakaa katika bonde hilo watu wa asili mbalimbali: Wahadzabe, wenye kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, Wadatoga, wachungaji wa ng'ombe, Wairaqw, wakulima na wafugaji, na Waihanzu, ambao asili yao ni kusini. Kila watu wana nyumba ya namna yao. Mwanamke wa Kihadzabe huunda kibanda cha matawi na majani kwa muda wa saa chache, na jamaa zake wakihama hukiacha bila majuto. Wadatoga hukandika kuta zao kwa udongo na samadi. Wairaqw wa zamani walijenga tembe yenye paa la udongo, mara nyingine nusu yake ikiwa imezama katika mteremko, ili adui asiione kwa mbali. Kwa wote hawa rangi ya dukani ni mgeni wa juzi. Imefuatana na tofali la saruji na bati.

Mama yangu ni Mwiraqw, na nyumba yake ni ya tofali, ambayo marehemu baba aliijenga kwa akiba yake. Zamani mama alikuwa mkunga wa jadi. Sasa, kwa kuwa zahanati na hospitali ndipo mahali pa kuzalia, kazi yake imekuwa kupokea. Wajawazito watokao mbali hufika kwake siku chache kabla ya kujifungua, wakapumzika katika chumba cha mbele, wakangoja gari la kuwapandisha Mbulu, au Haydom, penye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Njia ikiharibika wakati wa masika hungoja siku nyingi zaidi, na pengine mtoto huja bila kungoja gari. Kwa hiyo kuta za chumba kile huegemewa na migongo yenye jasho, hushikwa na mikono ya wenye uchungu, na mara nyingine hurukiwa na damu. Kuta za namna hiyo hazina budi ziweze kuoshwa kwa maji na sabuni.

Nazo hazikuweza kuoshwa. Baba alizipaka rangi ya maji nyeupe, ya bei nafuu, miaka kadhaa kabla ya kufa kwake. Aliyepitisha kitambaa kibichi ukutani aliuhamisha weupe kitambaani, na kanga za wageni ziliondoka na unga mgongoni. Mama aliniambia kwa simu, "Mwanangu, nataka rangi ya mafuta, ile ing'aayo kama ya zahanati. Nimeuza mbuzi wawili." Fedha za mbuzi wawili zatosha kupaka chumba mara moja, hazitoshi kukipaka, kukikwangua, kisha kukipaka tena. Na rangi ibanduliwayo na maji ya kuoshea ni mbaya kuliko ukuta mtupu, kwa kuwa nyuma ya magamba yake uchafu hupata mahali pa kujificha.

Nilipofika nyumbani wakati wa likizo nilikuta rai tatu. Rai ya kwanza ilikuwa ya fundi. "Mwalimu," aliniambia, "rangi ni rangi. Tukianza leo, kesho kutwa mama atapokea wageni wake." Fundi yule hakuwa mtu wa kudharauliwa. Mkono wake ulikuwa mtulivu, na nyumba alizozipaka zilikuwa nyingi. Rai ya pili ilikuwa ya kaka yangu, ambaye hufanya kazi ya ujenzi Babati. Yeye alitaka rangi ya maji yote ikwanguliwe mpaka kwenye lipu, ndipo ya mafuta ianze mahali safi. Rai ya tatu ilikuwa ya mama, naye aliitoa kwa maneno machache: "Ukuta huu naujua. Msiuvue nguo zote, wala msiuzibe pumzi."

Ili kuamua baina ya rai hizo ilipasa kujua tabia ya kila rangi. Rangi ya maji ni chembe ndogo mno za utomvu wa viwandani, zikielea katika maji pamoja na unga uletao rangi. Maji yakitoka, chembe hukaribiana, hubanana, na mwisho huungana zikawa ngozi moja. Wamarekani huiita rangi hiyo kwa jina la utomvu wa mpira, lateksi, ingawa haina utomvu wa mti huo ndani yake. Ilianza kuenea majumbani baada ya Vita Vikuu vya Pili, na mwaka 1948 kampuni ya Glidden ya Marekani ilitoa rangi iitwayo Spred Satin, ambayo ilipata umaarufu mkubwa. Ngozi ya rangi hiyo hubaki na ulaini. Hutanuka joto likizidi, hunywea baridi ikija, na mvuke wa maji uliomo ukutani hupenya ndani yake ukaenda zake.

Rangi ya mafuta ina mwenendo mwingine. Kukauka kwake hakuishii katika kupoteza kitu. Kiyeyusho chake hutoka kwanza, kisha mafuta yenyewe huvuta oksijeni ya hewani, na kwa oksijeni hiyo hufungamana sehemu kwa sehemu mpaka yakawa gamba. Kazi hiyo haikomi siku mkono usiponata tena. Huendelea polepole mwaka baada ya mwaka, na gamba huzidi kukaza na kupungukiwa na uwezo wa kunyumbuka. Ni ufundi wa kale sana. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza kwamba katika michoro ya mapango ya Bamiyan, nchini Afuganistani, walikuta mafuta yakaukayo yaliyotumiwa yapata karne ya 7. Rangi nyingi za mafuta ziuzwazo madukani siku hizi hutengenezwa kwa alkidi, utomvu wa viwandani uliopata jina lake katika miaka ya 1920, lakini nazo hukauka kwa njia ile ile ya kuvuta oksijeni.

Sasa uweke mgumu juu ya laini, utazame litakalotokea. Nyumba ya bati katika bonde la Yaeda hupata moto mchana na kupoa usiku. Kila siku ukuta hutanuka na kunywea kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukipima. Ngozi laini ya chini huufuata ukuta katika mwendo huo. Gamba gumu la juu halitaki kufuata, na kadiri linavyozeeka ndivyo linavyozidi kukataa. Mwisho wake ni ufa mwembamba kama unywele, kisha nyufa nyingi zilizoshikana kama wavu, kisha gamba huinuka pembeni. Wachoraji wa picha wanayo kanuni ya zamani ihusuyo jambo hili: kilichonona hukaa juu ya kilichokonda. Maana yake ni kwamba kila tabaka la juu liwe na mafuta zaidi, na kwa hiyo liwe na unyumbufu zaidi, kuliko lililo chini yake. Rangi ya mafuta juu ya rangi ya maji huipindua kanuni hiyo, kwa kuwa chini hulala chenye kunyumbuka na juu hukaa chenye kukakamaa.

Hata hivyo, kusema kwamba jambo hilo haliwezekani ni kutia chumvi. Laweza kufanyika, na kuta nyingi za madarasa na zahanati katika nchi yetu ni ushahidi, maana chini zimepakwa mafuta hadi usawa wa kifua na juu zimeachwa na rangi ya maji. Lakini yapo masharti. Rangi ya chini iwe imekauka kweli kweli. Kukauka kwa kugusa huchukua saa; kukomaa ndani huchukua majuma, na mtu mwangalifu hungoja walao mwezi mmoja. Iwe imeshikana na ukuta. Isiwe nene kwa kupakwa mikono mingi, maana godoro likizidi unene mtikisiko wake nao huzidi. Isitoe unga, isiwe na mafuta ya jikoni, wala isiteleze kama kioo. Tena ukuta wenyewe uwe mkavu. Sharti moja likikosekana, rangi bora kuliko zote dukani haiwezi kulilipa deni hilo.

Nilikwenda na fundi kutazama ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa jina, iliyopakwa rangi ya mafuta juu ya rangi ya maji katika muda wa siku moja. Chini ya dirisha gamba lilikuwa limefanya malengelenge. Fundi alilivuta moja kwa kucha, likatoka kipande kipana kama kiganja, na nyuma yake umeshikana weupe wote wa rangi ya zamani. Alikigeuza kipande kile mara mbili tatu. "Kumbe ya mafuta haikuachia," akasema. "Imeing'oa ya chini." Alilisema neno ambalo nilikuwa nikilitafuta. Mara nyingi rangi ya juu haianguki kwa kuwa dhaifu. Huanguka kwa kuwa na nguvu kuliko mshiko wa ile iliyoibeba.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini basi tusifuate rai ya kaka yangu, tukakwangua kila kitu na kuyapaka mafuta juu ya lipu tupu. Jibu liko katika sufuria ya mtengenezaji wa sabuni. Sabuni hupatikana kwa kukutanisha mafuta na soda kali. Saruji nayo ina ukali wa jamii hiyo hiyo, hasa ikiwa mpya au ikipata unyevu. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya lipu ya namna hiyo huanza kugeuka sabuni mahali pale pale ilipoushika ukuta, ikalainika, ikanata, ikaachia. Kwa hiyo tabaka la katikati lisiloogopa ukali huo si adui, ni mpatanishi. Tena kukwangua ukuta mzima kungeitoboa lipu mahali pengi, na kuiziba upya kwa saruji kungeurudisha ukali ule ule tuliotaka kuukimbia, bila kutaja gharama yake.

Hapo ndipo nilipoyatafakari maneno ya mama. Alipokuwa kijana alikandika tembe ya wazazi wake kila mwaka baada ya mvua. Hawakuubomoa udongo wa zamani. Waliuondoa ule uliolegea tu, wakaulowesha uliobaki, wakaukwaruza kwa vidole ili upate meno, ndipo wakaweka udongo mpya uliochanganywa na samadi. Udongo ulikaa juu ya udongo, na mpya ulijua namna ya kutanuka na kunywea pamoja na wa kale. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miaka anayo elimu ya matabaka, ijapokuwa hakuisoma popote. Mama alijua pia jambo ambalo fundi, kaka yangu na mimi hatukulijua: kwamba sehemu ya chini kabisa ya ukuta wa kaskazini, kiasi cha shubiri mbili kutoka sakafuni, hutoa jasho kila masika. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikuwa amelala karibu na ukuta ule kwa miaka mingi.

Mbali kidogo na bonde letu, katika vilima vya Kondoa, yako mafundisho ya kale zaidi kuhusu rangi juu ya rangi. Huko iko michoro ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Michoro mingi ya zamani ni myekundu, na wataalamu huihusisha na watu walioishi kwa kuwinda na kukusanya. Mahali pengine juu yake ipo michoro meupe ya baadaye, ambayo huhusishwa na wakulima. Nyekundu haikufutwa ili nyeupe ipate nafasi, na kwa sababu hiyo mtu wa leo aweza kuzisoma zote mbili na kujua ipi ilitangulia. Nimekumbuka michoro hiyo kwa ajili ya neno moja: katika nchi hii si jambo jipya mkono wa pili kupita juu ya kazi ya mkono wa kwanza. Swali la siku zote ni kama wa pili hujua kwamba wa kwanza yupo.

Lilibaki jambo moja ambalo kwangu lilikuwa zito kuliko nyufa na malengelenge. Waliokuwa watalala katika chumba kile ni wajawazito na watoto wachanga. Rangi za mafuta za zamani zilitiwa risasi ili kuzidisha weupe, kuharakisha kukauka na kukoleza manjano na nyekundu. Madhara yake yalijulikana mapema. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 13 wa kuzuia risasi nyeupe katika kupaka rangi ndani ya majengo. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hakijulikani kiasi chochote cha risasi katika damu kisichokuwa na madhara, na madhara hayo huwapata zaidi watoto, katika akili na makuzi yao. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira hupendekeza sheria isiyoruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni za rangi. Kwa hiyo tulitafuta kopo lililoandikwa waziwazi kwamba halina risasi, tukaliacha lililokuwa rahisi zaidi lakini halikusema neno. Mlango wa chumba ulikuwa na rangi ya mafuta ya kale ambayo umri wake hakuna aliyeujua. Huo haukupigwa msasa mkavu. Ulilowanishwa kwanza, ukasuguliwa ukiwa umelowa ili vumbi lisiruke, na tope lake likafutwa kwa matambara, likafungwa na kuondolewa mbali na mahali wachezapo watoto.

Baada ya mashauri hayo tuliafikiana, na rai zote tatu zikapata sehemu ya haki yake. Kwanza tuliupima ukuta. Fundi alichora alama ya mkato kwa wembe, akabandika utepe wa kunata juu yake, akauvuta kwa nguvu. Mahali pengi utepe ulirudi mtupu. Karibu na mlango ulirudi na weupe. Hapo karibu na mlango rangi ilikwanguliwa hata mwisho, kama alivyotaka kaka yangu. Penginepo ilibaki. Ukuta wote ulioshwa kwa maji na sabuni kidogo mpaka kitambaa kilipoacha kubeba unga, ukasuuzwa, ukaachwa siku nne ukauke. Kisha ulipigwa msasa mwepesi mpaka uso wake ukawa na makwaruzo, na vumbi likafutwa.

Ndipo ikapakwa rangi ya kwanza ya kushikiza, ambayo mafundi huiita praima, nyembamba, kila pembe. Kwa shauri la fundi mwenyewe tulijaribu kwanza kipande kidogo nyuma ya kabati, tukakingoja juma zima, tukakipima tena kwa wembe na utepe. Kilishika. Kisha alipaka mikono miwili ya rangi ya mafuta, mkono wa kwanza ukiwa umelegezwa kidogo kwa tapentaini, na baina ya mikono hiyo akangoja siku mbili. Alipaka hadi usawa wa kifua tu. Juu ya hapo ukuta ulibaki na rangi ya maji, safi na mpya, ili uweze kuvuta na kutoa pumzi. Mama hakuchagua nyeupe. Alichagua rangi ya maziwa yaliyogandishwa, kwa sababu rangi nyeupe ya mafuta hugeuka manjano upesi katika chumba chenye mwanga hafifu. Na chini, zile shubiri mbili za ukuta wa kaskazini zilikwanguliwa na kupakwa chokaa peke yake, kwa amri yake. Fundi alisema haitapendeza. Mama akamjibu, "Baba, mimi sipambi bibi arusi."

Kazi iliyodhaniwa kuwa ya siku mbili ilichukua majuma matatu na zaidi. Katika muda huo wageni wa mama walilazwa kwa jirani, maana mvuke wa kiyeyusho huumiza kichwa cha mtu mzima, wala si hewa ya kumpa mtoto wa siku moja. Madirisha yalikaa wazi usiku na mchana. Matambara yaliyolowa mafuta hayakurundikwa pembeni. Yalitandazwa juani mbali na nyumba, kwa sababu mafuta yakaukayo hutoa joto, na rundo la matambara yake laweza kuwaka moto bila kuwashwa na mtu.

Masika mawili yamepita tangu siku hizo. Ukuta huoshwa kila mgeni aondokapo. Haujafanya ufa ila mmoja mfupi juu ya kizingiti, mahali ambapo tofali zenyewe zimetengana. Shubiri mbili za chokaa hulowa wakati wa mvua, hukauka jua likirudi, na kila mwaka mama huzipaka upya kwa kikopo kimoja. Malengelenge yaliyoiharibu ofisi niliyoitaja hayakupata mahali pa kuanzia. Sina hakika kwamba rangi hiyo itadumu miaka ishirini. Rangi ya mafuta huzidi kukaza, na iko siku itakataa kunyumbuka. Lakini tuliyempa kazi ya kuibeba tulimwuliza kwanza kama ana nguvu, na mahali aliposema hana hatukumtwika.

Watu si kuta, na mfano ukivutwa kupita kiasi hukatika. Hata hivyo bonde hili lina kumbukumbu ambayo siwezi kuipita kimya. Katikati ya miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Uhuru, palifanywa jitihada ya kuwakalisha Wahadzabe katika makazi ya kudumu, na Yaeda Chini palikuwa pamoja na mahali palipochaguliwa. Walipewa nyumba, shule, matibabu na mashamba. Hizo zote zina thamani, na waliozitoa walitumaini mema. Lakini watu waliozoea kuishi wachache wachache, wakihama kwa kufuata maji na chakula, walikusanywa wengi mahali pamoja. Maradhi yalienea, wengine walikufa, na kabla ya muda mrefu wengi wa waliosalia walirudi porini. Mwaka 2011 jumuiya za Wahadzabe katika bonde hili zilianza kupewa hati za haki miliki za kimila juu ya ardhi yao. Safari hii sheria mpya ililala juu ya matumizi ya zamani kwa kuyatambua. Tofauti ya matendo hayo mawili ni kubwa, nami naiona kila nikumbukapo kipande kile cha rangi kilichogeuzwa mkononi mwa fundi, chenye uso mzuri mbele na mgongo uliong'oka.

Sisi tulio katika vyuo tuna hatari ya kuwa rangi ya mwisho. Twang'aa, twaoshwa kwa urahisi, na twazidi kuwa wagumu kadiri miaka inavyopita. Kabla ya kulifunika jambo la watu ni wajibu kuuliza maswali ambayo mpakaji mwangalifu huyauliza ukutani: limekomaa au bado; limeshikana au limelegea; ni wapi litoapo jasho, na ni nani alalaye karibu nalo ajuaye hayo. Sehemu iliyolegea haina budi iondolewe bila huruma ya uongo. Iliyoshika yafaa ioshwe na kukwaruzwa kidogo ili ipate meno ya kushikia. Na iliyo na unyevu yafaa iachiwe chokaa, ipumue, ijapokuwa macho ya wapitao yangependa kuona mng'aro kutoka juu mpaka chini.